Muntu wa Kukohoa ku Mulango

Kama jana balikuita jina mu senta ya sante, bakakuambia uko na tebese, ile kifua kikuu, na leo umelala unatazama manjanja, mabati ya nyumba, na kufikiri kwamba imeisha, basi kaa kidogo, nikuelezee. Minyi siko munganga. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu ya prime, na huo wa tatu wenyewe nilifanya mara mbili. Mambo ya ndani ya mapafu uliza bale benye kujua. Minyi nitakuambia paka tu mambo ya bench, ya mukojo, ya gobelet na ya filme, juu filme njo karibu iniue, na filme njo ilinirudisha, ikisaidiana na kinini, ile dawa ya kumeza.

Jina yangu ni Kabange, lakini hapa Kamina ukiuliza Kabange utazunguka muji muzima. Uliza Papa Sine. Miaka mingi nilikuwa musemaji wa filme mu sale moja ya video karibu na stasio ya treni. Filme inakuja na Kiingereza ao na luga gani, bantu banataka kujua banasema nini mule ndani, basi minyi nakaa kando ya televizio na mikro, nasema. Sasa nikuambie ukweli, juu nimezeeka na uongo inachokesha: Kiingereza sijui. Hata ya kuombea maji. Nilikuwa natazama midomo, natazama macho ya muntu, kisha naweka maneno. Bantu balikuwa banacheka mahali pa kucheka na banalia mahali pa kulia, kwa hiyo nilijiona nimetafsiri.

Filme zenye zilikuwa zinajaza sale kuliko zote ni za mwisho ya dunia. Marehemu bibi yangu, muke wangu, alisema ni juu bantu ba huku banafurahi kuona Bazungu nao banatafuta maji na bidon ku mukono. Labda. Aliona mbali ule mama, na hakupenda sinema. Aliingia mu sale mara moja tu, kuniletea koti.

Kati ya zote kulikuwa moja tuliiita Ile ya Mulango. Dunia imeharibika, ugonjwa umemaliza bantu, makumi mbili hivi bamejifungia nyuma ya ukuta murefu na mulango ya chuma. Siku moja muzee mwembamba anaanza kukohoa. Banamusukuma inje. Anagonga, anasema maneno mingi, ananyosha kidole ku vilima. Na minyi ku mikro, na sauti yangu ya wakati ule, sauti yenye ilikuwa inafika mpaka ku reli: "Huyu njo alileta ugonjwa. Anaomba musamaha. Mufunge!" Na sale yote: Mufunge! Ku mwisho bale ba ndani banakufa bote, moja moja, na minyi nasema munaona, alikwisha kubaambukiza. Filme ile tuliionyesha sijui mara ngapi. Batoto ba kartiye bakafanya nayo muchezo: mwenye kukohoa, benzake banapiga kelele "Mulango!", naye anatoka.

Kumbuka huo muchezo, nitaurudilia.

Kikohozi yangu ilianza wakati mvula ilikuwa bado kubwa. Nilisema ni moshi ya gurupe, juu ile mashini ya umeme ilikuwa inakaa nyuma ya kiti yangu. Nikakunywa mizizi. Nikakunywa asali. Suruali ikaanza kunishuka, nikafunga kamba, kisha nikasogeza fundo ya kamba, kisha nikaisogeza tena. Usiku shati inalowana unaikamua kama umetoka mu mutoni. Sauti nayo ikaenda, kidogo kidogo, mpaka nikawa nasema filme kama muntu mwenye anasengenya. Haya yote nilifanya miezi mitatu bila kwenda kwa munganga. Weye usifanye vile. Kama kikohozi imepita majuma mbili, acha asali, enda.

Siku yenye ilinipeleka ilikuwa siku ya yenga, Jumapili mangaribi, sale imejaa, na kwa bahati yangu mbaya njo tulikuwa tunaonyesha Ile ya Mulango. Tulifika pale muzee anakohoa. Na minyi nikakohoa. Si kidogo: ile ya kukunja muntu, mikro ku mukono, kikohozi yangu ikitoka mu haut-parleur kubwa kuliko ya filme. Nyuma mule muntu moja akapiga kelele: "Mulango!" Bakacheka bote. Minyi pia nilicheka. Kisha nikaondoa kitambaa ku kinywa, na bale ba bench ya mbele bakaona kitambaa ile rangi yake. Kicheko ikakatika. Bench ya kwanza ikasimama, ikaenda nyuma. Ya pili pia. Hakuna muntu alinitukana. Balienda tu, na filme ikaendelea, na hakuna mwenye kuisema.

Kesho yake nilienda ku senta ya sante. Balinipa kopo kidogo ya kutemea makohozi, banaiita krasha, nikatema, nikarudi asubuhi nikatema tena, nikangojea. Kungojea pale ni kazi. Unatazama ule mulango wa laboratware, kila muntu anatoka unafikiri yeye njo anabeba jina yako. Jina ikaitwa. Munganga, mwanamuke kijana, anavaa maske, macho tu inaonekana, akaniambia bila kuzunguka: miezi sita ya kinini, kila asubuhi, mbele ya macho yangu, bila kuacha siku moja. Ukiacha, inarudi, na ikirudi inakuwa kichwa nguvu, kinini hizi hazitaiweza. Akanipa kartoni yenye vyumba vidogo vidogo vya kuweka alama. Niliitazama, nikaona miezi sita ni kama safari ya kwenda Kabongo na miguu. Inawezekana. Bantu balikwisha kuifanya.

Nilikuwa naishi na mutoto wangu Ilunga, anatengeneza makinga, zile baiskeli, bibi yake Mwadi, na mujukulu moja wa miaka ine, Ngoyi. Mwadi ni mwanamuke wa adabu. Desturi yetu, bibi wa mutoto hajibishani na baba-mukwe, na yeye hajawahi. Siku ile nilirudi na kartoni aliitazama, akarudi ku jiko. Mu nyumba kulikuwa gobelet tano za buluu za kukunywa maji, mufano moja, nilizinunua minyi. Kesho asubuhi nikakuta moja imefungwa uzi mwekundu ku mukono wake, imetundikwa ku musumari, inje, peke yake. Sahani pia, pembeni. Na Ngoyi akija kunikimbilia, anavutwa nguo.

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Mwadi alikulia kartiye ya stasio. Kabla ya kuolewa alikuwa anakaa mu sale yangu, bench ya banamuke, kila siku ya yenga. Mambo ya muntu wa kukohoa alifundishwa na nani? Na minyi, na mikro. Basi Mwadi akiniletea maji, nakunywa na macho nimefumba, juu ya kutoona ule uzi.

Mwezi wa kwanza nikuambie vile ulivyo, usishituke. Mukojo unakuwa mwekundu kama mafuta ya ngazi, ya mawese. Hakuna alinionya, ao alinionya na sikusikia, nikasimama mu kabine nikaaga dunia. Ni kinini tu. Magoti inauma. Kichefuchefu inakuja kabla haujameza, ukiona tu karatasi ya kinini. Meza. Kisha, hata haujajua siku gani, unaamka na shati iko kavu. Nilikaa nikaishika ile shati kama muntu mwenye ameokota kitu.

Bench ya bagonjwa ilikuwa inje, chini ya hangar, upepo unapita, na munganga alitaka tukae mbali-mbali. Pale njo nilijuana na Mama Zaina na Mwalimu Numbi. Mama Zaina ni wa zile familia za Kiislamu zenye baba zao balitoka Maniema zamani na biashara. Anauza samaki ya kukauka, anaileta kutoka Kinkondja na Bukama, na ana mudomo. Mwalimu ni Mumetodisti, amefundisha maisha yake yote, anavaa kravate ku shingo hata ya kuja kutema krasha. Siku ya kwanza kila moja alimeza kinini zake, akaenda. Siku ya pili Mama Zaina akanitazama, akauliza kama si minyi Papa Sine. Nikakubali. Akasema: basi utusemee filme, hapa uvivu utatuua kabla ya ugonjwa.

Nikaanza na Ile ya Kuku. Jua limekataa kutoka, majivu inanyesha kama mvula, mama moja anatembea inchi yote na kuku moja, ya mwisho ya dunia, amemufunika ndani ya koti. Kila mwenye anakutana naye anataka kumula ule kuku. Ile filme tuliibishania majuma mbili, asubuhi na asubuhi, kinini ikiwa ingali ku koo.

"Kuku moja bila jogoo iko mboga," Mama Zaina alisema. "Angemula siku ya kwanza, apate nguvu ya kutembea."

Mwalimu akasema kuna mayai.

"Mayai gani, na kuku analala njaa? Mwalimu, weye ulifundisha hesabu, lakini kuku haujafuga."

Minyi nikasema hapana, kuku hakuwa wa kula wala wa mayai. Ule mama alikuwa peke yake, alitaka muntu wa kusema naye.

"Kusema na kuku," Mama Zaina akanijibu, "hiyo ni kinini inakupanda, Papa Sine. Ambia munganga."

Munganga alicheka mpaka maske ikasogea. Akasema yeye anaona kuku anastahili kuishi, na Mama Zaina afungue kinywa aone kama amemeza. Kwa hiyo minyi, kama uko mwezi wa kwanza, nakushauri Ile ya Kuku, ao nyingine yoyote yenye muntu anatembea na kitu mu koti. Za ugonjwa uziache kwanza. Na usizitazame peke yako.

Mwezi wa pili, baridi imeingia, asubuhi bantu banaota moto mu barabara, Mama Zaina akataka Ile ya Mulango. Alikuwa ameisikia tu. Nilikataa. Akanisumbua. Nikaisema, na ile sauti yangu ya kusengenya, mpaka pale muzee anatupwa inje, anagonga, ananyosha kidole. Nikasema vile nilisema siku zote: huyu njo alileta ugonjwa, anaomba musamaha.

Mwalimu Numbi akakohoa kidogo, si ya ugonjwa, ya adabu.

"Papa Sine, utanisamehe. Ile filme niliiona Lubumbashi, na Kiingereza yake niliisikia. Ule muzee haombi musamaha. Anabaambia kisima yao itakauka, na maji ingine iko nyuma ya vilima, na ni yeye peke yake anajua njia. Bale ba ndani hawakufa na ugonjwa. Balikufa na kiu."

 Niliona ile sura yote mu kichwa: kidole ku vilima, midomo imekauka ya bale ba ndani, bidon tupu. Yote ilikuwa inaonekana. Muntu asiye na masomo kabisa angeiona. Minyi niliona bantu banapenda "Mufunge", nikabapa "Mufunge". Nikasimama, nikarudi nyumbani.

Kesho sikuenda. Kesho kutwa sikuenda. Nilijiambia ni magoti. Nilijiambia nimepona, si suruali inaanza kushika? Uongo. Nilikuwa na haya ya kukaa mbele ya Mwalimu, na haya ya muji muzima, ya miaka yote ile, ya gobelet. Nilifikiri niende Kabongo kwa ndugu zangu, nikae huko mpaka mambo itulie. Siku ya tatu nilikuwa nafunga mufuko. Ilunga alinikuta, akaniuliza kinini nitakula wapi kule. Nikamuambia ashugulike na makinga yake.

Njo nikasikia sauti ku mulango ya parsele, ya kiwanja yetu. Mama Zaina, kitambaa ku kichwa, kitunga ya samaki chini. Nikamuita aingie. Akakataa, akabaki palepale inje, anasema na sauti yenye majirani bote balisikia. Mwadi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya jiko. Akaacha kutwanga.

"Papa Sine, siingii. Nimekuja kukuonyesha vile inaonekana muntu akisimama inje. Kaka yangu kule Bukama alikula kinini miezi mbili, akanona, akasema amepona, akaenda ku samaki. Ilirudi. Mara ya pili kinini zilimukatalia. Tulimuzika nikiwa nimeshika kartoni yake, nusu haina alama. Hakuna muntu alimufukuza, unasikia? Alijitoa mwenyewe. Weye sasa nani anakutoa? Mwalimu? Alisema tu maji iko wapi."

Nikasema nimedanganya bantu miaka mingi.

"Umedanganya, ndiyo. Basi pona uende ukabaambie. Ukikufa utasema na mikro gani?" Akainua kitunga yake. "Kesho asubuhi. Na kuku hatujamumaliza."

Akaenda. Hata maji hakukunywa. Mwadi akarudilia kutwanga, polepole. Nilikaa ku kitanda, nikatazama kartoni, vyumba vitatu vitupu kama meno yenye ilingoka. Nikafungua mufuko.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza ku bench, hata munganga hajafungua. Hakunipigia kelele. Alitazama zile siku tatu, akaandika, akasema zitaongezwa ku mwisho, na tangu leo nije hata mvula ya mawe ikinyesha. Nikasema hata mvula ya mawe. Mwalimu alifika na kravate yake, akaketi, akaniuliza habari ya magoti. Nikamuomba kitu moja: anifundishe ile filme yote, neno kwa neno, vile inasema. Akatoa kayé yake ya kuandika. Ile miezi yenye ilibaki, tulifanya hiyo. Asubuhi kinini, kisha Ile ya Mulango, kipande kwa kipande, na Mama Zaina akibishana na kila muntu wa mule ndani. Alisema mwenye kufunga mulango hakuwa mubaya, alikuwa na batoto. Mwalimu alisema woga wenye batoto ni woga tu. Mpaka leo sijui nani ana haki. Minyi niko upande wa Mama Zaina siku zingine.

Miezi iliendelea. Baridi ikaisha, majani ikawaka pande zote za muji, moshi ya moto ile ikanirudishia kikohozi juma nzima na nikaogopa sana. Ilikuwa moshi tu. Krasha ya mwezi wa tano ikatoka safi. Fundo ya kamba ikarudi nyuma, kisha kamba ikatoka kabisa, suruali ikashika yenyewe. Mama Zaina alinitangulia kumaliza. Bakamupa karatasi yake, akaaga bote. Asubuhi yenye ilifuata alikuwa palepale ku bench na samaki mbili ndani ya gazeti kwa munganga, anasema alipita njia tu. Njia gani, soko iko upande ingine. Alipita njia vile mpaka minyi nikamaliza.

Nilimaliza mvula ya kwanza ikiwa imekwisha kunyesha. Alama ya mwisho niliweka mwenyewe, kalamu ya munganga. Siku ya yenga nilienda kwa mwenye sale, nikamuambia aonyeshe Ile ya Mulango, bule, nitasema minyi. Alinitazama kifua. Nikamuonyesha karatasi. Sale ikajaa nusu, bale ba mbele balikaa bench ya tatu. Sauti yangu hairudi kama zamani, iko na kutu, lakini mikro inasaidia. Nilianza kwa kubaambia: hii filme niliisema vibaya, leo nitaisema vile iko. Bamoja bakazomea. Tukafika pale muzee anakohoa, na nyuma mule, kama desturi, muntu akapiga kelele: "Mulango!"

 Nikasema maneno ya muzee, yote, vile Mwalimu aliandika: kisima itakauka, maji iko nyuma ya vilima, nitabaonyesha njia, nitatembea mbele, mukae mbali na minyi kama munaogopa, lakini munifuate. Kidole ku vilima. Mulango ikafungwa. Hakuna alisema Mufunge. Kisha bidon tupu, moja moja, na nyuma ya kiti yangu nilisikia gurupe.

Nilirudi nyumbani nimechoka, koo imekauka. Nikamuambia Mwadi alete ile gobelet yangu yenye uzi. Nilitaka kukata ule uzi kwa mukono yangu, nimalize na hiyo pia.

Akasimama, macho chini, vile anasimamaka mbele yangu.

"Uzi gani, Papa?"

Nikamuambia uzi mwekundu, ya gobelet yangu, tangu siku ya kartoni.

"Nilikata zamani. Ile siku Mama Zaina alisimama ku mulango."

Nikahesabu na kichwa. Miezi ine. Miezi ine nimekunywa mu gobelet yoyote ya nyumba, macho nimefumba. Akaingia, akatoka na maji, na Ngoyi nyuma yake ameshika nguo. Mutoto akasema ile ni gobelet yake, ameweka alama na jino. Mwadi akamuambia anyamaze, nkambo wake akunywe kwanza. Nikakunywa macho wazi, nikamubakishia nusu.